Tumbo la Waziri

1

Mheshimiwa Atuganile Kasyupa alipiga mbweu mbele ya daktari wake, na mbweu ile ilinuka sabuni ya kufulia. Aliziba mdomo kwa kiganja, akaona haya. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, Waziri wa Mazingira wa nchi nzima, anatoa harufu ya povu kama mtoto aliyekunywa maji ya beseni!

"Tangu lini?" aliuliza Daktari Mfaume Kilindo, wala hakuonekana kushangaa.

"Tangu mwaka jana. Halafu sisikii njaa, Daktari. Napitisha siku mbili sijatia kitu kinywani, naamka na nguvu kama nimekula ubwabwa na nyama. Choo changu nacho..." Alisita. "Hakinuki. Hakina harufu hata kidogo. Hilo ndilo linanitisha kuliko yote."

Daktari Kilindo alikuwa mzee mwembamba aliyekwisha kuwatibu mawaziri wanne wa wizara ile, na alibakiza miezi miwili astaafu. Labda ndiyo sababu siku hiyo hakusema uongo. Alimpa kidonge chenye kamera, kidogo kama punje ya haragwe, akamwambia ameze. Kisha picha ikajitokeza ukutani.

Atuganile alitazama ndani ya tumbo lake mwenyewe, akatamani asingetazama. Kuta za tumbo hazikuonekana. Zilifunikwa na kitu cha kijivu, kizito, kinachoning'inia mikunjo mikunjo mfano wa pazia lililolowa, na pazia lile lilikuwa linapumua. Kidonge kilipopita, mikunjo ilijivuta kukipisha, kisha ikarudi ikakilamba. Jamani, ikakilamba!

"Ni nini hicho?"

"Sisi tunawaita wapangaji. Ni vijidudu vya kutengenezwa maabara. Chochote chenye sumu unachomeza, wao wanakiwahi kabla hakijafika kwenye damu. Wanakila, na mabaki yao wanakulisha wewe. Ndiyo maana husikii njaa."

"Mabaki yao." Atuganile alimeza mate, akajuta kuyameza. "Nani aliwatia tumboni mwangu?"

"Mimi. Asubuhi ya kiapo chako. Ile chanjo ya itifaki."

"Uliniambia ni ya homa ya manjano!"

"Niliwaambia hivyo wote wanne, Mheshimiwa."

Hapa msomaji avute subira kidogo aelewe desturi ya nchi ile, maana bila desturi hiyo mambo yote haya yangekuwa wazimu mtupu. Waziri wa kwanza wa Mazingira alikuwa Mzee Ambakisye Nsemwa, mwalimu wa sayansi aliyechoshwa na ripoti. Kila mwaka aliletewa makaratasi yanayosema mto Lusungwe ni safi, na kila mwaka samaki waliokufa walielea. Basi akapitisha sheria yenye vifungu vitatu, vifupi hata mtoto angevikariri. Waziri atakunywa kikombe kimoja cha maji ya Lusungwe kila mwaka mbele ya watu; akiwa mzima, mto ni mzima. Akikataa kunywa, mto umekufa na wakazi wake wahamishwe. Akiugua kwa maji hayo mbele ya watu, aliyeuchafua mto afungiwe kabla jua halijazama, na wakazi wasiguswe. Mwaka wa nne mzee mwenyewe alinywa akaharisha hadharani, na kiwanda cha ngozi kilichokuwa juu ya mto kikafungwa jioni ile ile, hakikufunguliwa tena. Wakubwa wakashika vichwa. Unadhani walitafuta namna ya kuusafisha mto? Thubutu! Walitafuta tumbo lisilougua.

"Ni miaka thelathini sasa," daktari alisema, "hakuna waziri aliyeumwa hata na chango."

"Na watu je?"

"Watu wanakutazama wewe. Ukishakunywa, nao wanachota vikombe vyao wanakufuata. Wakikuona mzima, basi maji ni mazima. Anayeugua huambiwa ana uchafu wake nyumbani."

Atuganile alimkumbuka mdogo wake Sekela, anayeishi Lusungwe, kando ya mto huo, ambaye tangu mwaka jana hapokei simu zake. Yeye alidhani ni wivu wa ndugu tu.

2

Katibu Mkuu Rwezaula alikuwa anakula mishikaki. Ilikuwa nyama ya matangi, ile inayooteshwa bila mnyama katika kiwanda kikubwa cha juu ya Lusungwe, kinachomwaga maji taka yake mtoni, na mwenye kiwanda humletea Katibu Mkuu katoni nzima kila Jumatatu. Rwezaula alikuwa mtu nadhifu sana, kola nyeupe, kucha zimepigwa msasa, lakini midomo ilimeremeta mafuta mpaka Atuganile akashindwa kuitazama.

"Jumamosi sitakunywa," alisema.

"Usinywe." Rwezaula alichomoa kipande kingine kwa meno. "Sheria inakuruhusu. Mto utatangazwa umekufa, na wiki ijayo watu elfu arobaini watapakiwa kwenye malori wapelekwe tambarare ya Itamba, kwenye vumbi na nge. Kiwanda kinalitaka lile eneo siku nyingi. Mwenyewe atakuletea shada la maua."

"Basi nitawaambia watu habari za wapangaji."

"Ni siri ya dola, Mheshimiwa, utakwenda kuisemea rumande. Na nani atakuamini? Wamekuona unakunywa miaka miwili mfululizo, umenenepa, umetakata." Alitafuna, akameza. "Nisikilize mimi. Wale watu wanakula, wanazaa, wanaimba kwaya. Wewe kunywa, tabasamu, tupigwe picha, turudi mjini. Karibu mshikaki."

Akamnyooshea ule aliokwisha kuung'ata. Atuganile alitoka nje mbio. Kichefuchefu kilimpanda hadi kooni, lakini hakikutoka kitu. Wapangaji hawakuruhusu kitu kitoke. Alisimama kwenye korido, mkono ukutani, anasukuma na kusukuma, na lile pazia la ndani linamkatalia. Hata kutapika kwake kulikuwa na mwenyewe.

Alirudi kwa daktari siku ile ile. "Nataka watoke."

Daktari Kilindo alifungua kabati akatoa chupa ndogo ya dawa nyeusi. "Wakitoka, utumbo wako utakuwa kama wa kichanga. Umesahau kazi. Maji ya Lusungwe yanaweza kukuua, Mheshimiwa, sikutishi."

"Na nisipowatoa?"

"Utaishi miaka tisini."

Alichukua chupa.

3

Alifika Lusungwe siku ya Jumatano. Walinzi aliwaacha nyumba ya wageni ya serikali, akawaambia anakwenda kumsalimia mdogo wake na kulala kwake hadi Jumamosi, na hilo halikuwa uongo.

Kwa miaka miwili mto ule alikuwa ameuona kutoka jukwaani tu, mahali ambapo vijana wa wizara hukoroga na kuondoa utando kabla wageni hawajafika. Leo aliuona ulivyo. Ulivaa utando wa rangi ya waridi, mzito kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na mapovu yalipanda taratibu, yakavimba, yakapasuka na kutoa harufu ya nyama iliyovunda. Pembeni matope yalivutika kama mlenda. Mama mmoja alipasua utando kwa kata, akausukuma kando, akachota, akajitwisha ndoo na kwenda zake. Hata hakukunja uso.

Juu ya paa la Sekela kulikuwa na bendera nyeusi.

"Umekuja kutuonyesha tumbo lako?" Sekela aliuliza kutoka kizingitini. Hakuinuka.

"Hiyo bendera ni ya nini?"

"Huijui? Ni heshima niliyopewa kwa ajili yako. Nyumba chafu. Kamati ya Usafi ikishaitundika, watoto wa watu hawaji kucheza na wangu, na kanisani nakaa benchi la nyuma peke yangu. Mama Nsubile, mwenyekiti wao, alisimama hapo ulipo, akasema, 'Dada yako amekunywa maji haya haya na anang'aa. Wewe mwanao anaumwa kwa nini, kama si sufuria zako?'" Sekela alicheka, kicheko kibaya. "Nimesugua sufuria, Atu. Nimezisugua mpaka mbili zimetoboka. Nanuka sabuni mwili mzima, na mwanangu bado anatapika."

"Humchemshii maji?"

"Ukiyachemsha yanaganda uji. Ya mvua yamekwisha tangu mwezi wa sita."

Mtoto mwenyewe, Tusekile, alikuwa amelala mkekani ndani. Miaka mitano, na mbavu unazihesabu. Atuganile alipopiga magoti kumshika, mtoto alijikunja na kutapika, na Sekela aliruka, akakinga matapishi kwa viganja vyake viwili kabla hayajagusa mkeka. Yalikuwa ya waridi. Yalikuwa na nyuzi nyuzi kama kamasi, na yalinuka nyama mbichi na chuma. Atuganile aligeuza uso. Hakuweza kujizuia, aliugeuza, na alipoona mdogo wake anajifuta mikono kwenye khanga kimya kimya, kama mtu anayefanya kazi ya kila siku, alijichukia. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Akamweleza yote. Chanjo, pazia la kijivu, mishikaki ya Rwezaula, vifungu vitatu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye, imetiwa mtungini na kutolewa miaka yote bila kusema kitu.

Sekela alisikiliza hadi mwisho. "Kataa kunywa basi."

"Mtahamishwa Itamba."

"Eee, hapana. Mama amelala pale nyuma ya migomba. Na mwanangu barabarani atafika? Hafiki." Alitupa jicho mkekani. "Sema ukweli, basi. Simama useme."

"Nitakamatwa kabla sijamaliza. Na watu wa huku huamini tumbo, Sekela, hawaamini mdomo. Wewe mwenyewe unawajua."

"Sasa?"

Atuganile aliitoa chupa kwenye mkoba, akaiweka sakafuni baina yao. "Kimebaki kifungu cha tatu."

Aliinywa asubuhi ya Alhamisi, saa mbili. Saa nne alikuwa chooni, chumba kidogo cha mabati nyuma ya nyumba, na alikaa humo mpaka adhuhuri. Mungu apishe mbali, mtu asije akaona alichokiona yeye. Wapangaji walitoka wazima. Walitoka vipande vipande, vya kijivu, vinene, na kila kipande kilijikunja na kujinyoosha kikitafuta pa kushika. Kimoja kilipanda ukingo wa shimo kikaelekea mguu wake. Alipiga ukelele. Sekela alikuja na ndoo ya majivu na ufagio wa njukuti, akakipiga hadi kikatulia, akamwaga majivu, akapiga tena kingine, huku anatukana matusi ambayo marehemu mama yao angemchapa kwa hayo.

"Miaka miwili umetembea na hivi?" alisema, anahema. "Ulikuwa unavilisha?"

"Vilikuwa vinanilisha."

"Ptu!" Sekela akatema mate.

Alasiri, Atuganile alisikia kitu alichokisahau. Njaa. Ilimkwangua tumbo, na machozi yakamtoka kwa furaha ya kusikia njaa yake mwenyewe. Hakula. Alikwenda kwenye mtungi wa Sekela, akachota.

Sekela akamshika mkono. "Dada, acha. Mgeni hayamshiki siku ile ile. Siku ya pili ndiyo yanamshika, na yakimshika hayamwachii. Mimi nina mgonjwa mmoja tayari. Nikikuzika wewe pia nitamwambia nini Mama?"

"Jumamosi wakinywa baada yangu, watu elfu kumi watakuwa wamekunywa kabla mimi sijaugua. Lazima nifike pale nikiwa tayari mgonjwa."

"Wapo watu wangapi wa kuugua! Kwa nini wewe?"

"Sheria inasema Waziri. Haisemi mtoto."

Mkono ukalegea. Atuganile akanywa. Bila wapangaji aliisikia ladha kwa mara ya kwanza: utelezi, chumvi, halafu kitu kitamu kinachooza, kikabaki nyuma ya ulimi kama unyoya. Akashusha kikombe, akachota cha pili.

4

Jumamosi saa nne na nusu walimpandisha jukwaani. Wanakwaya walikuwa wamepanga mistari, watu wamejaa ukingoni mpaka kwenye miti, na kila familia ilishika kikombe chake kutoka nyumbani, kimechotwa tayari, kikisubiri Waziri atangulie. Utando ulikuwa umekwisha kuondolewa mahali kamera zilipoelekea. Sekela alisimama chini ya ngazi, amembeba Tusekile mgongoni.

Tumbo lilikuwa linamkata tangu Ijumaa jioni. Usiku alitapika mara saba, mara ya mwisho Sekela alilazimika kumgeuza kichwa asije akapaliwa. Alivaa gauni jeupe la sherehe na chini yake alifunga khanga mbili za mdogo wake, lakini alijua hazitasaidia kitu. Jukwaa lilikuwa linayumba, au yeye ndiye alikuwa anayumba.

Rwezaula alimtazama usoni, tabasamu lake likagandia katikati. "Mheshimiwa," alinong'ona, "umefanya nini? Umefanya nini wewe?"

"Nimekunywa."

"Mtoeni," Rwezaula aliwaambia walinzi chini chini. "Mtoeni sasa hivi, hali si nzuri."

Alikuwa amechelewa. Kwaya ilishanyamaza na kikombe kilikuwa mkononi mwa Atuganile. Maji yalikuwa chini ya pua yake kabisa, yananuka. Chini watu waliinua vikombe vyao. Aliwaona wale wa mbele vizuri kabisa, bibi mmoja ameshika kikombe cha bati, binti ana mtoto mgongoni. Alitaka kusema msinywe. Alifungua kinywa aseme.

Matapishi yakatangulia. Yalitoka kwa nguvu, ya waridi, yenye nyuzi, yakamwagika juu ya kipaza sauti na zulia jekundu na kifua cha gauni jeupe, na kabla hajavuta pumzi yakaja mengine. Kisha tumbo likafunguka chini. Alilisikia joto likishuka mapajani, akausikia uvundo wake, akaona doa likitambaa kwenye gauni mbele ya kamera za nchi nzima. Mama mtu mzima. Waziri. Alianguka kwa magoti ndani ya uchafu wake mwenyewe, na aibu ile ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba kwa muda haikuuma.

Umati ukaguna, ukarudi nyuma kama mtu mmoja. Watu waliziba pua. Wengine walicheka kile kicheko cha kuogopa. "Kinyaa gani hiki!" mtu alisema.

Rwezaula alichukua kipaza sauti kingine. "Ndugu wananchi, tulieni! Mheshimiwa amechoka na safari. Jua nalo kali, ni uchovu tu, malaria kidogo! Kwaya, imbeni! Tutamwita Naibu Waziri anywe kwa niaba yake."

Na ujue, kwaya ilianza. Watu walitazamana, vikombe bado mikononi. Malaria kila mtu anaijua. Kama mtu angeamua kuamini, pale palikuwa pazuri pa kuamini.

Mama mmoja mnene, amevaa fulana ya Kamati ya Usafi, alipanda ngazi za jukwaa kwa shida, goti moja baada ya jingine. Mlinzi alimzuia, naye akamsukuma mlinzi kando kwa kiwiko. Alikuwa Mama Nsubile. Alifika mahali Atuganile alipopiga magoti, akainama, akachovya vidole viwili kwenye matapishi. Akavivuta. Zile nyuzi zikanyooka baina ya vidole. Akavipeleka puani.

Wanakwaya wakaacha kuimba, mmoja mmoja.

"Hii naijua," Mama Nsubile alisema. Hakuwa na kipaza sauti, wala hakukihitaji. "Hii si malaria. Nimeifuta sakafuni kwangu miezi minne. Ilitoka kwa Ambilikile wangu mpaka siku aliyokata roho." Aliwageukia watu walioko ukingoni. "Na mimi nilimchapa. Nilimchapa kwa fimbo ya mpera, nikamwambia anaokota uchafu, kwa sababu Waziri alikunywa na Waziri hakuugua."

Ukingoni mama mmoja alikimwaga kikombe chake chini. Wa pili wake akamwaga. Halafu ukasikika mwago mmoja mrefu kutoka kwenye miti hadi majini.

Mama Nsubile alimgeukia Rwezaula. Vidole vyake alivishika mbele bado vimelowa, na Katibu Mkuu akarudi nyuma, akarudi tena, kiatu chake kinachong'aa kikaingia katikati ya uchafu kikateleza.

"Kifungu cha tatu tulikariri shule ya msingi," alisema yule mama. "Kabla jua halijazama. Sasa hivi ni saa tano. Utakwenda kukifunga kiwanda wewe, au twende sisi?"

Rwezaula aliwageukia wenzake jukwaani; wote walikuwa wanatazama viatu.

Hakusubiriwa. Atuganile, shavu likiwa juu ya zulia, alisikia miguu. Kwanza ya wachache, halafu ya wengi, inapanda njia ya kiwandani, na hakuna aliyekuwa anaimba. Sekela alikuwa amekaa chini naye, amempakata kichwa, gauni lake nalo limelowa uchafu ule ule.

"Wanakwenda?"

"Wanakwenda, dada."

"Na Tusekile?"

"Kabebwa. Mama Nsubile kambeba mgongoni."

Tumbo lilimkata tena, akajikunja, akajaribu kujizuia maana watu wa kamera walikuwa bado wamesimama. "Wote wamekwenda?"

"Wote, isipokuwa sisi wawili," Sekela alisema. "Tapika tu, dada. Tapika."